Nina wafuasi elfu sita, wanaoniona arubaini na tatu. Nihame mtandao au nibaki?

BintiLimbani, Wete

Assalaam alaykum nyote.

Mie napika halua hapa Wete. Mama alikuwa akipika, na bibi yake kabla yake, na sufuria la shaba ninalolitumia ni la huyo bibi, limeshazibwa mara mbili. Napika kwa kuni, nasonga kwa zamu na dada yangu, na ikishaiva tunaimimina kwenye vikapu vya ukili. Shaabani ikiingia mpaka Idi sipati usingizi. Miezi iliyobaki ni harusi, na watu wanaokwenda Unguja au Maskati na hawataki kufika mikono mitupu.

Mwaka 2015 mtoto wa ami yangu alinifungulia ukurasa kwenye mtandao mmoja mkubwa. Jina lake silitaji, nisije kuambiwa nawachafulia watu biashara. Kila Alkhamisi naweka picha. Siku zile nikiweka kikapu kimoja tu, mwiko haujapoa simu imeshaanza kulia. Wafuasi wakapanda, elfu moja, elfu tatu, leo ni 6,100 na ushei. Basi wiki iliyopita nimeweka picha ya halua ya zafarani, imetoka safi, ukiigusa inatetemeka na inang'aa kama kioo cha taa. Mtandao wenyewe ukaniletea hesabu: imeonwa na watu 43. Na chini yake kitufe: lipia, uonwe na wengi zaidi.

Nikalipia elfu thalathini. Laiki zikaja karibu mia nne. Nusu ya majina siwezi hata kuyasoma, na mmoja kauliza sabuni hii inatoa madoa ya mafuta? Oda hata moja.

Sasa nyumbani hakukaliki. Mtoto wa dada yangu, ana miaka kumi na tisa, ananiambia, "Mamdogo, huko wamebaki wazee, twende TikTok." Mume wangu anasema tulipie tena, safari ile tulikosea kuchagua watu. Mie nataka kufahamu kwanza. Vipi mtu anifuate kwa hiari yake, halafu nimlipe mwengine ndio aruhusiwe kuniona? Na mbona yote imekuwa sura moja, kila nikifungua nakuta vividuara vya picha juu na video zinazojiendesha zenyewe? Nikihama leo, kesho si nitahama tena?

FundiMlandege, Unguja

Waalaykumu salaam dada. Mtandao wako hukuutaja na mie sitaubashiri, maana mwendo huu ni wa wote. Nitakwambia niliyoyaona. Ni marefu, unisamehe, mvua inanyesha na wateja leo hakuna.

Kabla sijawa fundi simu nilikuwa na intaneti kafe hapa Mlandege. Komputa saba, moja herufi R imekwama, anayeikalia analipa nusu. Nilifungua 2006. Wakati huo kila kijana anayeingia anataka hi5, mtandao wa marafiki wa siku zile. Wanakuja na picha zao za studio, zile za mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji, nawaskania, wanapakia, saa imekwisha. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kuwa hi5 ni nzuri kuliko nyengine. Walikuwa huko kwa sababu wenzao wa Kikwajuni na Mpendae wako huko. Wabrazil nao walijazana Orkut ya Google kwa sababu hiyo hiyo, na Wamarekani MySpace, yote mitandao ya aina hiyo hiyo.

Mchukue muuza tungule wa Darajani umpe meza mpya pahala pengine, ina kivuli, ina maji ya mfereji na choo. Atakushukuru. Baada ya siku tatu utamkuta amerudi pale pale, fungu lake juu ya gunia, kwa sababu wanunuzi wanapita pale. Wanunuzi nao wanapita pale kwa sababu ya yeye na wenziwe. Huyo umeshindwa kumhamisha kwa meza, na mtandao ni hivyo hivyo. Google walikuja na mtandao wao wa Google+ mwaka 2011, na pesa zao zote, na ilipofika 2019 wakaifunga.

Ila watu wakianza kuondoka, huondoka kama maji ya kupwa. MySpace ilinunuliwa na News Corp, kampuni ya Rupert Murdoch, mwaka 2005 kwa dola milioni 580. Mwaka 2011 ikauzwa kwa kama milioni 35. hi5 mie niliiona ikifa komputa kwa komputa. Akaanza dada mmoja aliyekuwa akikalia namba tano, siku ya pili mashoga zake wawili, na haukupita muda ile namba saba yenye R mbovu ndiyo pekee iliyobakia hi5.

Watu husema Facebook iliwavuta kwa usafi, haina mapambo ya kumetameta wala muziki wa kukushtua. Huenda. Nilichokiona kwenye kafe yangu ni michezo. Mei 2007 Facebook waliwafungulia watengenezaji wa nje, wakawaambia leteni programu zenu humu ndani, watu hawa hapa. Wenzao walikuwa bado wanajenga kila chumba kwa mikono yao. Hawa walitoa kiwanja, wengine wakajenga, na kila aliyejenga akaleta watu wake. Google wakastuka, na Novemba ya mwaka ule ule wakawakusanya hi5, MySpace na wengine kwenye mpango wa OpenSocial, programu moja iweze kukaa kwenye mitandao yao yote. Fikra haikuwa mbaya. Lakini watu wameshashika mikoba.

Mwaka 2009 ukaja mchezo wa FarmVille, wa kampuni ya Zynga, unachezwa ndani ya Facebook. Unalima shamba la kwenye skrini. Stroberi zinaiva kwa saa nne, usipofika kuvuna zinakauka. Alikuwapo mwalimu mmoja wa skuli, mtu mzima, kanzu imepigwa pasi, anakuja kila siku baada ya Alasiri kuvuna. Alijipangia maboga, maana yale hayana haraka. Basi tarehe 10 Disemba 2009 umeme ukakatika Unguja nzima, ile kebo ya baharini, na haukurudi mpaka Machi. Nyie Pemba mlikuwa na majenereta yenu, hamkuionja. Mie jenereta langu lilikuwa linakula petroli kuliko ninachoingiza, nikawa nafungua saa mbili tu jioni. Mwalimu nikifika namkuta nje, kashika nguzo. Siku moja petroli ikakosekana. Kesho yake kafungua, shamba lote limekauka, limegeuka rangi ya udongo. Akakaa akalitazama kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama. Na huyo ana mikarafuu ya urithi huko kwenu Pemba, hajaipalilia tokea afe baba yake.

Nimekusimulia hayo kwa sababu. Yule mwalimu nani alimtia ndani ya Facebook? Boga la Zynga. Facebook hawakulima hata jani. Na walipoona watu wameshazoea, wakaanza kurudisha mlango. Zile habari za mashamba zilizokuwa zikimwagika kwenye kurasa za watu wakazibana. Januari 2013, siku ile ile Twitter walipotoa programu yao ya video fupi ya Vine, Facebook waliifungia Vine njia ya kumsaidia mtu kuwatafuta marafiki zake wa Facebook. Yalijulikana pale Bunge la Uingereza lilipochapisha barua za ndani za kampuni, Disemba 2018. Zuckerberg mwenyewe, bosi wa Facebook, ndiye aliyeridhia. Kuleta watu unakaribishwa. Kuwachukua, hapana.

Sasa irudishe kwenye halua. Mwaka 2015 mtandao wowote ungekupenda, kwa sababu picha yako ilikuwa inawapa watu wa Wete na jamaa zao wa Maskati sababu ya kufungua simu. Ukaambiwa kila mara, waalike wateja wako wakufuate. Ukawaita mwenyewe, kwa mdomo wako, pengine ukaandika na kwenye kikapu. Walipokuwa wamekusanyika, mwenye kiwanja akaanza kukutoza kwa kuwaona. Facebook kwa mfano walitangaza hadharani Januari 2018 kwamba wataweka mbele habari za jamaa na marafiki, kurasa za biashara zirudi nyuma. Wewe ni ukurasa wa biashara. Wale 6,100 wako kwenye daftari lao, huna namba ya hata mmoja.

Hapo ndipo WhatsApp ilipokuwa mbali na wenzake. Kafe yangu hiyo ndiyo iliyoiua, lakini nasema haki. Haikukwambia tafuta marafiki upya. Ilisoma namba zilizomo kwenye simu yako, na ilikubali hata Nokia za vitufe, ambazo ndizo tulizokuwa nazo. Ukishaiweka tu, wote walionayo wamo, kuanzia shangazi yako wa Micheweni. Haikuwa na matangazo, ilikuwa dola moja kwa mwaka, na hiyo nayo ikafutwa 2016. Facebook walijuaje kuwa hawa ni hatari? Mwaka 2013 walinunua kampuni ya Onavo, yenye programu watu waliyoitia kwenye simu kwa kudhani inawalinda, na kwa programu hiyo wakawa wanaona watu wanafungua nini na mara ngapi. Februari 2014 wakatangaza kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19. Instagram walishaichukua 2012 kwa bilioni moja. Unakumbuka tarehe 4 Oktoba 2021, baada ya Magharibi vyote vitatu vikazimika pamoja mpaka saa saba usiku? Watu walikuwa wanakuja kwangu na simu nzima wanataka niwafungulie.

Na vile vividuara, dada, ni vya Snapchat. Facebook waliripotiwa kuwataka kwa dola bilioni 3 mwaka 2013, wenyewe wakakataa kuuza. Asiyeuza huigwa: Instagram wakaweka vividuara vyao Agosti 2016, WhatsApp wakaweka vyao Februari 2017, na leo mama yako mdogo anakuonesha biriani kwenye stetasi bila kujua kuwa fikra ni ya vijana wa Kalifonia. Zile video fupi zinazojiendesha, mtindo uliowafanya wote waige ni wa TikTok. TikTok waliruka ukuta wa marafiki kabisa, hawajali sana unamfuata nani, wanaangalia kidole chako kimesita wapi. Ndio maana mtoto wa dada yako ana hoja: huko mtu asiye na mfuasi hata mmoja anaweza kuonwa na elfu kumi. Hiyo ndiyo zawadi ya mgeni. Facebook nao wakaiga, wakatoa video fupi zao za Reels kwenye Instagram 2020.

Ushauri wangu: hama ukipenda, lakini huko unakokwenda usimwambie mtu "nifuate". Mwambie "nipe namba yako".

MpambajiFuoni

Fundi umeandika kitabu, lakini lile boga limenichekesha hadi nikamwaga hina.

Shoga yangu wa Wete, mie ni mpambaji wa maharusi, napaka hina na piko, na yaliyonikuta ni haya. Mwaka juzi niliweka video kwenye mtandao mmoja wa video fupi, mkono wa bibi harusi, ua moja tu la piko linachorwa mwanzo mpaka mwisho, sekunde arubaini. Ikaonwa mara 80,000. Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni. Maulizo yakaja mengi: bei gani Mwanza, unafika Lubumbashi, unafundisha? Biharusi wa kuja kukaa kwenye mkeka wangu kutoka video ile hakutoka hata mmoja. Maharusi wangu wote wametoka kwa biharusi mwengine, au kwa stetasi, mtu kaona mkono wa binamu yake.

Lakini wewe si kama mie. Mkono siwezi kuutuma kwa boti, halua inapanda boti na ndege. Kwa hiyo elfu themanini zako zinaweza kuwa na mteja wa kweli ndani yake. Mwache huyo kijana apige video, ila iandikwe juu yake inauzwa wapi na inasafirije.

Jengine dogo: ukitumia ile orodha ya WhatsApp ya kutuma kwa wengi, mwisho ni watu 256 kwa orodha moja, na asiyekuweka kwenye simu yake hapati kitu. Mie kabla ya kumwosha mtu mikono namwambia atoe simu aniandike mbele yangu. Nasimama hapo hapo.

Tunguu_Sheria

Nasoma sheria, mwaka wa tatu, kwa hiyo samahani kwa kuingilia. Fundi amesimulia kama kwamba aliyenunua wenzake ameshinda na mchezo umekwisha. Serikali ya Marekani ilisema hivyo hivyo. Disemba 2020 tume yao ya biashara ilimshitaki Facebook kwa kununua Instagram na WhatsApp ili kuua ushindani. Novemba 2025 Jaji James Boasberg akaamua kwamba tume haikuthibitisha kuwa kampuni hiyo, sasa inaitwa Meta, ina ukiritimba leo, kwa sababu TikTok na YouTube wanagombea macho yale yale.

Ndani ya hukumu ile kuna hesabu inayomjibu dada wa Wete kuliko sisi wote. Katika muda ambao mtu anautumia Facebook, asilimia 17 tu ndiyo ya kuangalia vitu vya marafiki zake. Instagram ni asilimia 7. Hayo ni ya Marekani. Muda mwingi wanaangalia video, na zinazidi kuwa za watu wasiowafuata. Yaani hata hao marafiki wa damu hawaonani, seuze mfuasi wa halua. Sio kwamba umechukiwa.

Kinachonikera mie kisheria ni kitu chengine. Tanzania tangu Machi 2017 unaweza kuhama kampuni ya simu na namba yako ile ile. Kampuni ikikuudhi unaondoka, na wanaokupigia hawajui hata kama umehama. Kwa nini wafuasi wasihamishike hivyo? Ulaya wameanza kidogo. Sheria yao ya masoko ya kidijitali, ambayo makampuni makubwa yalitakiwa kuifuata kuanzia Machi 2024, inailazimisha WhatsApp ipokee ujumbe kutoka programu za wengine zinazoomba. Huku kwetu sijasikia anayelizungumza.

FundiMlandege, Unguja

Mwanasheria, hukumu naipokea. Lakini soma tena ulichoandika: jaji anasema hakuna ukiritimba kwa sababu yuko wa pili na wa tatu. Dada akitoka kwa wa kwanza akenda kwa wa pili, atakuta kitufe kile kile cha kulipia. Ushindani wao ni wa kugombea macho ya wateja wake, hakuna anayegombea kumpunguzia yeye bei.

La kuhamisha namba hilo umenizidi, sikuwahi kulifikiria. Mie mwenyewe nilihama hivyo 2018.

Na dada, WhatsApp nayo usiiamini moja kwa moja. Juni 2025 walitangaza kuanza matangazo pale pale penye stetasi, kampuni ambayo waanzilishi wake walikuwa wakiapa hawataki tangazo hata moja. Kwa hiyo namba ziandike na kwenye daftari. La karatasi.

BintiLimbani, Wete

Nimesoma yote, mengine nimemsomea mume wangu kwa sauti. Kwenye mikarafuu ya mwalimu alicheka, halafu akanyamaza, maana na yeye anayo ya urithi na hali yake ni ile ile.

Daftari ninalo! Nilikuwa nalifanya la madeni tu. Tokea 2011 naandika jina, kikapu kilo ngapi, keshalipa au bado, na namba ya kumpigia boti ikifika. Jana usiku tumekaa na dada yangu tukazihesabu. Namba 318 ukitoa zilizorudiwa. Nyengine ni za kampuni ambazo hata jina limeshabadilika, za Zantel ile ya zamani, nikadhani zimekufa. Nimejaribu ishirini, kumi na nne zimeita. Mmoja ni mzee wa Mkwajuni, akanambia, "Mwanangu, mie nilidhani umeacha kupika." Anataka kilo tano za Idi. Huyu mzee yumo kwenye wale 6,100, nimemtafuta nikamuona, laiki yake ya mwisho ni ya 2017.

Shoga wa Fuoni, la kusimama mpaka waniandike nimelianza leo asubuhi kwa mteja wa kwanza. Ameniandika "Halua Wete 2". Sijamuuliza namba moja ni nani, lakini nitamjua tu.

Na video tumepiga. Mtoto wa dada yangu kaniambia nisonge taratibu, mwanga unaingia vizuri kwenye mvuke, kisha akaniambia, Mamdogo, sasa cheza kidogo na mwiko. Nimemwambia sufuria lina moto na mie nina miaka hamsini na mbili. Amepiga mikono tu.